Komeo la Upande wa Nje

2 Februari

Kaka yangu kipenzi,

Hujambo wewe na kifua chako? Bado unakohoa vumbi la vyuma, au umeanza kufunga kile kitambaa nilichokushonea? Wifi yangu mzima? Mimi sijambo, ila vidole vinawaka moto. Kaka, bungeni kumechemka! Ule muswada wa ukatili wa majumbani umefika kwenye kamati yetu, na sisi waandishi wa kumbukumbu tunachapa kila neno. Leo mheshimiwa mmoja kapiga meza mpaka chai yangu ikamwagikia karatasi.

Ugomvi wote ni kifungu cha tisa: anayempiga mwenzake atolewe nyumbani siku hiyo hiyo, kesi ije baadaye. Hawa wanapiga makofi, wale wanaguna, na mimi katikati natamani kupiga vigelegele. Mwandishi haruhusiwi hata kutabasamu, yaani nitapasuka! Wewe unasemaje?

Mdogo wako,
Vidole

9 Februari

Mdogo wangu Vidole,

Salamu zimefika, na kifua kinaendelea vizuri. Wifi yako anakusalimu, anasema hicho kitambaa umekikata kama bendera.

Sasa hicho kifungu chako, nikwambie ukweli: kibovu. Unamkumbuka jirani yangu fundi cherehani? Shemeji zake walimsingizia kampiga mkewe, wakamtupa nje na cherehani yake, akalala kwenye karakana yangu wiki tatu kati ya makopo ya misumari. Mwisho mke mwenyewe akarudi safari, akashangaa, akasema hajaguswa hata ukucha. Ile aibu nani alimfutia? Leo mnataka serikali ifanye yale yale, tena kwa mhuri! Mtu asikilizwe kwanza bwana.

Halafu ya chumbani yana wenyewe. Miaka ishirini na mbili natia vitasa na makomeo. Nikimaliza nagonga vidoti vyangu vitatu kwa ncha ya msumari, watu wajue kazi ni yangu, nakusanya vyombo naondoka. Mlango wa mtu siuulizi maswali.

Kaka yako,
Fundi

14 Februari

Kaka mbishi,

U mzima na ubishi wako? Haya, kwa fundi cherehani nakupa haki yako. Kaonewa, na ningekuwepo ningewachamba wale shemeji mpaka wakimbie. Lakini aliteseka wiki tatu kwa sababu hakuna aliyemsikiliza. Na yule anayepigwa leo, asubiri kusikilizwa huku kafungiwa na mpigaji? Nijibu hilo, usinijibu la bendera.

Wiki ijayo tunasikiliza mashahidi. Kikao cha wazi, mlango wazi, hata wewe unaruhusiwa!

Mdogo wako,
Vidole

23 Februari

Kaka,

Natumaini mko salama. Mimi naandika mbio, usicheke mwandiko.

Leo kaja mwalimu wa chekechea, mama wa umbo dogo, sauti ya kuimbia watoto. Kasema mumewe akishampiga alikuwa anamfungia chumbani kwa komeo la nje mpaka uvimbe upungue, ili shuleni wasione. Siku majirani walipong'oa lile komeo kwa nondo, alilichukua akaondoka nalo. Kalifungua kwenye gazeti, kaliweka mezani mbele ya waheshimiwa.

Mume naye alikuwepo. Kasimama na suti yake, kasema komeo hilo kalinunua mke dukani, halijawahi kuwa mlangoni kwake, na hii ndiyo mifano ya uongo utakaowatoa wanaume majumbani. Kuna waliompigia makofi, Kaka. Mwenyekiti akaamuru kielelezo kielezwe kwenye kumbukumbu, na zamu ilikuwa yangu. Nikalishika mkononi.

Lina vidoti vitatu vya msumari, ubavuni.

Nimechapa "vidoti vitatu". Sikuchapa ni vya nani. Kamati inakaa tena tarehe kumi na mbili Machi, na wasipopata wa kuthibitisha, yule mama atabaki mwongo. Nijibu haraka.

Mdogo wako

5 Machi

Kaka,

Siku kumi kimya. Wifi kanipigia, kasema karakana umeifunga na chakula unakichungulia tu. Sikulaumu mimi. Sema neno moja basi.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe, nilikosa pa kuanzia.

Namkumbuka huyo mume, ndiye pekee aliyetaka komeo la nje. Alinipeleka ndani ya nyumba, kwenye mlango wa mwisho. Nikamwambia bwana, komeo hukaa ndani. Akacheka, akasema hii ni stoo. Vidole, mlango ulikuwa wazi nusu. Niliona kitanda. Niliona kitanda na viatu vya kike chini yake, nikagonga vidoti vyangu nikaondoka.

Tarehe kumi na mbili nakuja. Fundi cherehani nakuja naye pia, maana la kwake sijaliacha na wala siliachi. Tutayasema yote mawili, waheshimiwa wajue la kufanya. Wewe usinitazame, utalia uharibu kumbukumbu.

Kaka yako

28 Aprili

Kaka yangu, Kaka yangu, Kaka yangu!

Wote wazima? Kaeni chini kwanza! UMEPITA! Muswada umepita leo saa tano asubuhi, na nimepiga kigelegele ndani ya ukumbi, nimepewa onyo la maandishi, nitalitundika sebuleni!

Kifungu cha tisa kimebaki, ila anayetolewa lazima asikilizwe ndani ya siku saba, na anayesingizia kwa makusudi ashtakiwe. Wameandika "mtu", siyo "mwanamume", kwa hiyo hata mume anayepigwa ana pa kukimbilia. Siku saba zile ni za fundi cherehani wetu, mwambie! Na ulipolishika lile komeo ukasema "hii kazi yangu, na kitanda nilikiona", nilikutazama, Kaka. Nililia na nikachapa vilevile, bila kosa hata moja.

Mdogo wako mwenye onyo,
Vidole

3 Juni

Mdogo wangu mpiga kelele,

Hatujambo. Fundi cherehani kasikia habari ya siku saba, kaninyang'anya suruali yangu kuukuu anairekebisha bure.

Jana karani wa mahakama kaniletea kazi: kubadilisha kitasa cha nyumba ya yule mwalimu, aliyerudishwa kwake kwa sheria mpya. Mume alikuwa nje na begi lake na karatasi yenye tarehe ya kusikilizwa, siku ya sita tangu atolewe. Hakunisalimia. Asikilizwe, nami nitakuwepo kusema tena.

Kule chumbani matundu ya skrubu zangu yalikuwa bado yamekodoa macho upande wa nje. Nikayaziba, nikapiga msasa, bado yanaonekana kidogo. Mwalimu akaomba komeo jipya, upande wa ndani. Nikafunga. Nikashika msumari nigonge vidoti, mkono ukagoma. Siku hizi kila mlango nauuliza, wateja wananiona mbea. Nikamuuliza, "Mama, hili ni la nini?"

Akaingia, akalifunga, akalifungua, akalifunga tena. Nikamsikia anacheka mle ndani.

"La kulala, fundi," akasema. "Nalala."

Nikagonga vyote vitatu.

Kaka yako