Mrija wa Heshima kwenye Matanga ya Cyriaque

Shangazi Akimana, shikamoo. Nina shida, naomba unisaidie, ila kwanza ujue unaandikiwa na mwanaume mwenye bahati kuliko wote wanaoendesha bodaboda hapa Kasulu, maana Cyriaque, yule mkubwa wa genge la pikipiki za wizi, alipomiminiwa risasi na mahasimu wake wa genge la Kibondo, mimi ndiye niliyekuwa nimempakia, risasi ikanipita sikioni ikiimba kabisa, na shati langu halikutoboka.

Basi tangu auawe mji hauna habari nyingine, wengine wanasema afadhali, wengine wanamlilia kama askofu, na wote wanamkimbilia jirani yangu Havyarimana kwa sababu ndiye aliyemwokota akamkimbiza hospitali, akipita tu wanamwita, "Njoo kaa hapa," hata mke wangu Nadine, ambaye mimi nikisimulia safari zangu za Mwanza anasinzia, kwake anavuta kigoda, "Shemeji, hebu rudia pale alipokushika mkono," mama we! Siku ya kumaliza matanga ikaletwa pombe ya mtama, chungu kimoja na mirija kama tunavyokunywa sisi, mrija wa kwanza wa heshima akapewa Havyarimana, na Nadine akaufuta kwa kitenge chake. Kitenge nilichonunua mimi! Nikasimama nikasema huyo kaokota majeruhi tu, mimi ndiye niliyempakia, na waliofyatua nimewaona sura. Nikapewa mrija. Tangu hapo Nadine ananichemshia maji ya kuoga na kuniita mzee wangu, nimenenepa kwa raha.

Sasa jana wamekuja wanaume wawili kijiweni, hatuwajui, wanauliza, "Yule aliyeona sura yuko wapi?" Havyarimana akawajibu, "Kasafiri, hata mimi sijui atarudi lini." Nilikuwa nyuma ya kibanda cha chipsi, nasikia yote. Nikimbilie Busunzu kwa baba mdogo? Nikisema ukweli Nadine atarudi kuvuta kigoda kule kule. Shangazi, sikumpakia Cyriaque. Nilikuwa Nyakitonto nazibiwa pancha.

Mwenye Bahati, Kasulu

Marahaba, Mwenye Bahati. Pole, maana hofu yako ni ya kweli hata kama hadithi ni ya uongo. Lakini umenikera! Mtu kauawa barabarani, mama yake bado analia, nanyi mnagombania nani alikuwa karibu na damu kama mnagombania siti ya mbele. Cyriaque huyo aliwaliza wangapi hapo kijiweni kwa kuwaibia pikipiki? Mmesahau!

Usiende Busunzu. Ukikimbia wataamini umeona kweli, na watakaokutwa nyumbani ni Nadine na watoto. Wapeleke kwa bibi yao leo. Nadine umwambie mwenyewe kabla hajaondoka. Akicheka, acha acheke, kicheko hakina risasi. Kisha mchukue fundi wa pancha mwende polisi aseme ulikuwa wapi, na kijiweni utangaze kwa sauti ile ile uliyodaia mrija.

Na huyo unayemwonea wivu, umeisoma barua yako mwenyewe? Kasimama mbele ya wale watu akakuficha. Wewe hujaona sura ya mtu yeyote. Yeye sasa kawaona, kwa ajili yako. Usiende polisi bila yeye, na usimwache alale peke yake leo.