Korija Moja ya Chumvi

Mama,

Allah akupe kauli thabiti huko uliko. Mtihani wa kemia wa kumaliza skuli ni Jumatatu, na mimi tangu alfajiri nafungua daftari na kulifunga. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kusoma.

Juzi tumesoma hitima yako ya arubaini. Bibi ananiambia nisilie, nisome. Nasoma, Mama, lakini haviingii. Kwenye mtihani wa majaribio waliuliza gramu mia moja na kumi na saba za chumvi ni moli ngapi. Nikazidisha badala ya kugawa, nikapata zaidi ya moli elfu sita. Darasa zima lilicheka.

Unakumbuka siku niliyolia upenuni na daftari langu, wewe unashona makuti? Uliniuliza, "Kwani hiyo moli n'nini, mwanangu?" Nikasema ni idadi tu, idadi ile ile kwa kila kitu. Ukasema, "Basi si korija hiyo? Ishirini ni ishirini, yawe makuti, ziwe boriti." Nami nikakujibu kwa ukali kwamba kemia si mambo ya makuti. Ukaendelea kushona. Wiki ile ile ukaondoka. Sikukuomba radhi, Mama. Nilidhani ipo siku.

Jana Ami Khamis, mdogo wake baba, alipita na gari la ng'ombe, kapakia korija ya boriti. Ng'ombe akakwama kwenye kilima cha kuingilia Mtambile, tukasukuma mpaka mikono ikachubuka. Nikakukumbuka na korija yako ya makuti kichwani, unatembea huku unaamkia watu. Ishirini huku, ishirini kule, uzito mbali kabisa. Nikaacha kusukuma. Ami akapiga kelele, "We Asha, sukuma!"

Korija moja ya chumvi, yaani moli moja, ni gramu hamsini na nane na nusu. Basi mia moja na kumi na saba ni korija mbili. Mbili tu! Na ulishaniambia.

Bado naogopa. Wakileta uzito kwa kilo nitasahau kugeuza kuwa gramu kwanza, najijua. Na hata nikipatia, wa kumkimbilia kumwambia ni nani?

Makuti yako ya mwisho yapo pale pale upenuni. Nimeyahesabu: kumi na saba. Hakuna aliyeyagusa.

Kwaheri, mama yangu, nisamehe. Jumatatu nikitoka kwenye mtihani, nifaulu nisifaulu, nitakaa mahali pako nishone matatu yaliyobaki.

Mwanao,
Asha