Pini Niliyoifuta Kwenye Modeli ya Mashine

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye jalada; kazini naitwa Wembe. Umri: miaka 34. Kazi: mtayarishaji wa modeli za kompyuta. Makazi: ghorofa iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, pamoja na mdogo wangu aliyemo mahabusu humu.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Naomba afande aandike kila neno, hata yatakayonimaliza.

Kazi yangu ni kupokea michoro ya mashine kutoka kwa wahandisi na kuipunguza uzito. Wao huchora kila nati na kila skrubu; injini ya mchezo wa kompyuta ikipewa vyote hivyo inakwama. Kwa hiyo nafuta visivyo na kazi, naziba matundu, halafu nakunjua uso wa mashine ulale bapa kama boksi lililofunguliwa, ili mwenzangu wa rangi aweke chuma, kutu na mafuta. Jina la Wembe nilipewa kwa kufuta, nami nikajiona mjanja.

Mnamo tarehe 3 Machi, saa nane mchana, nilipokea modeli ya mashine ya kukandamiza mabati, ya mchezo wa kufundishia waendeshaji wapya kiwandani. Ilikuwa na vipande elfu sita na ushee. Niliiamuru kompyuta ichague kila kisichofika sentimita kumi, nikafuta vyote kwa mkupuo. Utaratibu wetu ni kumrudishia mhandisi orodha ya vilivyofutwa aisaini. Sikuirudisha. Mwenzangu wa rangi alikuwa ananisubiri, akaniuliza, "Wembe, bado tu?" Nikamjibu, "Chukua, hamna cha maana kilichotoka."

Kilichotoka ni pini ya usalama. Ina sentimita tisa. Huchomekwa ubavuni ili kichwa cha mashine kisishuke mtu akiwa ameingia chini yake. Tundu lake nililiziba pia, nikapalainisha, pakapendeza.

Mdogo wangu alijifunzia kwenye mchezo huo wiki tatu, akapata alama zote. Nafasi hiyo ya kazi kiwandani nilimtafutia mimi. Tarehe 19 Mei, saa tatu na dakika kumi asubuhi, fundi wa zamu aliinama ndani ya mashine kunasua bati, akamwambia, "Funga," yaani achomeke pini. Mdogo wangu akabonyeza kitufe cha kusimamisha, kama mchezo ulivyomfundisha, basi. Kichwa kilishuka. Fundi alifariki palepale.

Mnasema aliiacha pini makusudi kwa kuwa yeye na fundi waligombana jana yake. Juzi nilipomletea chakula aliniambia, "Dada, kale kachuma kalikuwa kananing'inia tu kwenye mnyororo. Haki ya Mungu sikujua ni ka kazi gani." Nilikwenda kazini nikafungua faili, nikaitafuta pini kwenye modeli yangu hadi macho yakaniuma, na huku najua haimo.

Nimeleta modeli zote mbili, ya mhandisi na yangu. Nawasihi mziangalie. Jamani, yeye hana kosa. Nifungeni mimi.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Nimesomewa, nami nayakubali yote.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Taarifa ya ofisa: Maelezo yamechukuliwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa tano nilimsomea mtuhumiwa. Aliomba kubadilisha maelezo yake. Sasa anasema pini alikuwa anaijua tangu siku ya kwanza, na kwamba dada yake hajui chochote kuhusu mashine.