Nyumba Tuliyoikosa kwa Jani la Isale

Lemara, Arusha

Mke wangu Mama Upendo,

Habari za hapo Kiomboi na za watoto? Magoti ya mama yanasemaje siku hizi? Mimi ni mzima. Mafua ya wiki iliyopita yameniachia kikohozi kidogo tu. Vuli imeanza, na kule kazini kwenye mashamba ya mbegu tunashinda na mabuti hadi jioni.

Umesema niandike nisipige simu, kwa sababu mama anataka kusomewa habari za nyumba zote kwa mpangilio, na kwenye simu mimi nasema haraka halafu wewe unajibu "sawa". Tuna miaka kumi na moja ya ndoa na bado sijajua ile sawa yako ina maana gani. Basi naandika. Msomee mama yote, isipokuwa pale nitakapokuambia usisome.

Maagizo yenu sijayasahau. Mama anataka jiko la nje, mahali pa kufuga kuku, na asipandishwe ngazi. Upendo anataka shule ya karibu ili asiamshwe alfajiri. Wewe ulitaka maji safi, halafu ukaongeza neno moja ambalo nimetembea nalo miezi hii minane ya kutafuta: kwamba hutahamia tena nyumba ya mtu. Nakumbuka yule mwenye nyumba wa mwisho alivyoingia uani na wapangaji wapya, nawe bado unaanika nguo. Siku ile ndipo ulipobeba watoto ukaenda kwa mama, nami nikakuahidi kununua.

Nilianzia Moshono, kwa sababu ni karibu na mjini na dalali alisema ni dakika tano. Nimejifunza kuwa kwa dalali kila kitu ni dakika tano. Nyumba yenyewe ni mpya, ina vyumba vitatu, umeme, na bomba linalotoa maji siku za maji. Lakini imekaa kwenye mteremko. Kutoka getini hadi mlangoni nilihesabu ngazi thelathini na mbili, na nilizihesabu kwa magoti ya mama, si yangu. Uwanja ukianika kanga mbili umejaa. Dalali akasema mama atazoea. Nikamuuliza kama mama yake yeye amezoea, akasema mama yake anakaa Babati.

Baada ya hapo nikaenda Kikatiti, kwenye barabara ya Moshi. Pale nilitaka kukubali siku ileile. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya, eneo kubwa hata la kufuga mbuzi, jiko la nje lenye dohani, na shule unaiona ukiwa mlangoni. Ardhi tambarare kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kumwonyesha dalali mahali pa banda la kuku. Mara watoto wa pale wakacheka kitu fulani, nikaona meno yao. Yana rangi ya kahawia, mengine yamelika kama mhindi uliotobolewa na funza.

Bibi wa nyumba alikuwa amekaa barazani, nikamwuliza. Akanijibu bila kuficha, "Maji ya huku ni matamu, baba, lakini yanadai meno." Kumbe ni madini yaliyomo kwenye maji yanayotoka ardhini, floridi, na mtoto akiyanywa meno yake ya kudumu yanaota yakiwa hivyo. Mifupa nayo, kwa wengine. Dalali akasema watu huweka simtanki kubwa, wanakinga mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia. Nililiwaza jambo hilo wiki mbili. Upendo ameshaota mengi ya meno yake, Daudi bado. Lakini mtoto wa miaka mitatu ukimwambia asinywe maji ya bomba, anywe ya tangi, ataelewa nini? Na mvua ikichelewa? Nikaiandika kama nyumba nzuri yenye kasoro moja, nikaendelea kutafuta. Wenzangu kazini walinicheka, wakasema mchagua jembe si mkulima.

Sasa nyumba ya tatu, hiyo niliyokutajia kwenye simu nikashindwa kuimaliza. Iko juu ya Usa River. Ukiiacha lami unapanda kama nusu saa kwa mguu kuelekea Mlima Meru. Wakati wa mvua bodaboda wanakataa, tope ni la magotini, na hiyo ndiyo kasoro yake. Lakini ukishafika, uwanja ni tambarare, kanisa letu la Kilutheri na shule viko jirani, na mfereji wa maji ya mlimani unapita nyuma ya jiko. Watoto wa kule nimewaangalia meno, meupe. Kuna migomba na kahawa ya zamani. Nilisimama pale nikakuona wewe unatoka jikoni na sufuria, na sikuwa nimekuona kwenye nyumba nyingine yoyote.

Mwenye nyumba anaitwa Eliamani, mwalimu mstaafu. Mkewe alipofariki alihamia Moshono kwa binti yake, akataka kuiuza. Lile ni shamba la ukoo wao, Wameru wanaliita kihamba, na kihamba hakiuzwi kwa mgeni hivi hivi. Baba yao aliwaachia wawili, yeye na kaka yake, Mzee Anaeli, ambaye bado anakaa pale pale upande wa pili. Katikati ni mstari wa masale, mimea yenye majani marefu ambayo huku hupandwa mipakani. Miaka sita iliyopita mstari ule ulisogea hatua mbili. Anaeli anasema ulisogezwa, Eliamani anasema masale yalijiotea. Tangu hapo hawasemi. Niliambiwa Eliamani alipokuwa bado kule, kanisani walikaa pande tofauti, na wakati wa sadaka mmoja alisubiri mwenzake arudi kwanza.

Mwenyekiti wa kitongoji alinieleza kuwa bila sahihi ya jirani wa mpakani hagongi muhuri wake. Nikamrudia Eliamani. Akachora ramani ya kihamba kwa mkono kwenye karatasi kubwa, akanipa, akasema, "Nenda wewe, Samweli. Mgeni hafukuzwi. Mwambie nimekutuma juu ya mpaka."

Nikapanda siku ya Jumamosi. Kulikuwa na upepo, karatasi ikawa inanisumbua, inafunguka kila mara. Nilipofika kwenye yale masale nikachuma jani moja, maana mkono wangu unaujua, haupiti kwenye jani bila kulichuma. Nikaviringisha ramani, nikaifunga kwa lile jani, nikalipiga fundo. Nikaona nimefanya jambo la akili.

Mzee Anaeli alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, shikamoo mzee, nikamnyooshea ile ramani, nikasema kama nilivyoagizwa, "Mdogo wako Eliamani amenituma kwako juu ya mpaka."

Akaliweka panga chini. Akafuta mikono kwenye suruali, mmoja, halafu wa pili, akaipokea kwa mikono yote miwili. Akauliza, "Kakutuma yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hili jani limetoka wapi?"

"Pale mpakani."

Akamwita mkewe. Mama yule alitoka jikoni, akatazama mkono wa mumewe, akajifunika uso kwa kanga. Wakasema Kimeru, sikuambulia kitu. Kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaenda kuleta koti la mumewe la kanisani. Mimi nilidhani mzee anavaa ili twende kwa mwenyekiti kusaini. Hata ramani hakuifungua. Tukashuka naye hadi barabarani, akasema tunakwenda Moshono.

Eliamani alitufungulia mwenyewe. Akamwona kaka yake, akaliona jani, akaniangalia mimi. Nilitaka kusema lakini sikujua kosa langu ni lipi, nilijua tu kwamba lipo. Angeweza kusema sikulituma hilo, na ingekuwa kweli tupu. Mwishowe akasema, "Karibu ndani, kaka," na akatangulia kwa sababu hakutaka tumwone machozi.

Binti yake ndiye aliyenivuta jikoni. "Kaka Samweli, unajua ulichobeba?" Nikasema ramani. Akashika kichwa. Akanieleza kwamba kwao mtu aliyekosa akitaka kusamehewa hutuma jani la isale lililopigwa fundo, na anayeletewa isale hakatai, hata kama kosa ni la damu. Mimi mtoto wa Iramba nimetembea nalo mchana kweupe nikidhani ni kamba.

Walizungumza hadi chai ikapoa ikapashwa tena. Walipotoka walikuwa wameshaamua. Kihamba cha baba yao hakiuzwi. Eliamani alinishika mkono akaniomba radhi kwa usumbufu. Nikajibu hakuna shida, mwalimu. Nilirudi Lemara kwa miguu, njia yote ile, na sitakuficha, niliumia. Nyumba pekee iliyofaa nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe, kwa fundo.

Wiki iliyofuata nilipanda tena kwa Mzee Anaeli. Sikuwa na shida naye, ila nilishindwa kukaa na uongo ambao hata sikuutunga. Nikamwambia, mzee, lile jani nililifunga mimi, kwa ajili ya upepo. Mdogo wako hakulituma.

Akaendelea kumkatia ng'ombe. "Nilijua," akasema. "Fundo lako lilikuwa la kufungia mzigo. Mtu wa kwetu hafungi vile."

"Sasa kwa nini ulikwenda?"

"Miaka sita, kijana. Nimepata sababu ya kwenda, nianze kukagua fundo?"

Akanikaribisha nikae. Akaniuliza nyumba nilikuwa namtafutia nani. Nikamtajia ninyi, mmoja mmoja. Akauliza mko wapi, nikasema Singida. Muda gani? Miaka mitatu. Akaacha kukata, akaniangalia kwa huruma kabisa, akauliza, "Mligombana juu ya nini?"

Nikasema hatujagombana. Nikaanza kumweleza habari za ngazi za Moshono, na meno ya Kikatiti, na tope. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Hatua mbili zangu na hizo sababu zako naona ni ndugu."

Hapa usimsomee mama. Mke wangu, nilikuwa naogopa. Nimezoea kupika chakula cha mtu mmoja na kukila nimesimama. Daudi alikuwa wa miezi minne nilipoondoka, na likizo ile ya mwaka jana alijificha nyuma yako akakuuliza yule mjomba ataondoka lini. Ulicheka, nami nikacheka. Tangu siku ile kila nyumba niliyoikuta na kasoro, kuna sehemu yangu iliyoshukuru. Nilijiambia nawatafutia pazuri. Kumbe nilikuwa nawachelewesha. Nisamehe kwa hilo.

Mama anaweza kuendelea kusikia kuanzia hapa. Mzee Anaeli amezungumza na mdogo wake. Ile nyumba haiuzwi, lakini imekaa tupu, na nyumba tupu inaoza. Wanasema tukae. Tuitunze kahawa, tulime mahindi na maharage yetu. Mti wa kudumu tusipande, kwa sababu huku anayepanda mti anadai ardhi. Hakuna karatasi, kuna neno la wazee wawili tu, na mmoja wao ndiyo kwanza amejifunza tena kusema na mwenzake. Itakuwa nyumba ya mtu. Ndilo lile neno lako hasa, na mimi ninakuja kukuomba ulivunje.

Kikatiti bado ipo. Ile ingekuwa yetu kwa hati, hakuna wa kututoa. Ukisema Kikatiti nitaweka simtanki na nitamlinda Daudi na bomba kadiri nitakavyoweza. Lakini nikiulizwa mimi, nataka mlimani, na ninawataka mwaka huu, shule zikifungwa, si nyumba itakapokuwa kamili. Siku ya kufika mama nitambeba mgongoni kwenye lile tope. Nimeshajipima kwa gunia la mbegu.

Msalimie mama, mwambie kuku wa Mzee Anaeli wanataga hata kwenye masika. Msalimie kaka Yona na umshukuru kwa kuwapelekea kuni. Mwalimu wa Upendo mwombe barua ya uhamisho, isiandikwe jina la shule kwanza. Shangazi anayeuza mafuta ya alizeti mwambie sijalisahau lile dumu lake. Upendo mpe kalamu hizi mbili. Daudi mwambie mjomba yule hakuwa mjomba.

Mkikataa, niandikieni. Mkikubali msiniandikie, pandeni basi.

Mumeo,
Samweli