Kisanduku Kilichomtafuta Baba

Nyumbani, ghorofani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu tele kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Mkeo ameshapata nguvu? Na huyo malaika wetu mchanga, bado anawanyima usingizi? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua kidogo, lakini mdomo ni mzima kabisa.

Barua hii ataileta Shangazi kesho, pamoja na diski yenye picha zote za studio ya marehemu Baba. Ndiyo zawadi aliyoiahidi Mama, ili mwanao amjue babu yake. Ilibaki kidogo Shangazi apande ndege mikono mitupu, na kisa chenyewe ni hiki.

Picha hizo tunazihifadhi kwenye kile kisanduku kando ya runinga, kinachotunza faili za kompyuta zote za nyumbani. Juzijuzi mume wangu, shemeji yako, alitengeneza kompyuta ya jirani, akasifiwa mtaa mzima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: alirudi akasasisha programu ya ndani ya kisanduku, ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote! Tangu hapo kunakili faili kukawa mateso. Picha moja ilitoka, nikaosha vyombo vyote, ndipo ya pili ikajitokeza.

Shemeji yako akabadilisha waya, akazima, akawasha, akapuliza vumbi. Wapi! Mama akamuuliza kwa upole, "Mkwe wangu, kwani kilikuomba dawa?" Nilicheka hadi nikakaa chini.

Mwishowe akagundua kwamba programu mpya imekuja na kazi mpya. Kisanduku kilikuwa kinapitia picha moja moja, kinatazama nyuso na kumpanga kila mtu kwenye fungu lake, ndiyo maana hakikuwa na nguvu ya kunakili. Nikamwambia aizime kazi hiyo upesi, safari ya Shangazi imewadia. Kidole kilikuwa tayari kinashuka, Mama akaona uso kwenye skrini, akapiga kelele, "Usiguse! Huyo si mume wangu?"

Ndugu yangu, alikuwa Baba. Unajua alivyoishi nyuma ya kamera. Tulibaki na ile picha ya kitambulisho tu, amenuna utadhani kamera imemkanyaga. Kumbe alikuwa amejaa kwenye picha za wateja: anacheka ndani ya kioo cha ukutani, pua imejikunja, ameinua taa nyuma ya bibi harusi, anamkatikia kiuno mtoto anayelia ili anyamaze. Nililia, sikufichi, huku nacheka.

Basi tukakiacha kimalize, liwalo na liwe. Shangazi alikuwa anapiga simu kila mara kuuliza diski yake. Jana jioni kikamaliza, mbio zake zikarudi, na picha zote zikanakiliwa kabla Mama hajamaliza kuwasimulia majirani.

Lipo jambo moja zaidi. Ile picha uliyotutumia, mwanao akipiga miayo, kisanduku kimeiweka kwenye fungu la Baba. Shemeji yako alitaka kuiondoa, eti mashine imekosea. Mama akamkataza.

"Iache hapohapo," alisema. "Kimemjua."

Msalimie sana mkeo na wakwe zako wote. Shemeji yako anakusalimu, na ameapa hatasasisha hata saa ya ukutani. Mungu awalinde, awakuzie huyo mtoto kwa afya na furaha. Mama anasema umbusu mwanao hapo kwenye pua, pale inapojikunja akipiga miayo. Ni pa Baba hapo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku.