Hamali wa Kulipwa kwa Saa, na Mama Asiyeaga kwa Haraka

Jumamosi, baada ya Magharibi. Joto halijapungua hata kidogo, upepo hakuna, na mimi nimekasirika.

Nimekasirika tangu saa nne asubuhi na bado sijamaliza. Naandika haya nimeketi juu ya gunia la nguo kwa sababu viti havijafunguliwa kamba, masufuria yamejaa sebuleni, na sikumbuki chumvi niliitia katika katoni gani. Tumehama. Kutoka mji wa kale hadi Wiyoni, mwendo ambao mtoto wa madrasa anaumaliza kabla sambusa yake haijapoa, umetuchukua siku nzima.

Na siku nzima hiyo nimeilipia kwa saa.

Mama yangu ana magoti mabaya. Nyumba aliyokuwa akikaa ni ya ghorofa, ngazi zake ni za mawe na zimesimama wima, na mwezi uliopita aliteleza akashuka kwa makalio mpaka chini. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini mimi tangu siku hiyo sikulala vizuri. Simu ikilia alfajiri, moyo wangu unaruka. Nikamtafutia nyumba isiyo na ngazi huku Wiyoni, karibu na kwangu. Alikataa. Nikabembeleza, akakataa tena. Wiki iliyopita, sijui aliamkaje, akasema haya, nitahama. Namjua mama. Akisema haya leo, kesho anaweza kukwambia hajasema kitu. Kwa hiyo ilikuwa ahame leo, kabla moyo haujageuka, au nimwache arudi kwenye ngazi zile mpaka zimuue.

Sasa hesabu. Kazi yangu ni kuweka hesabu za nyumba moja ya wageni hapa mjini. Mimi ndiye yule mtu anayejua sabuni itaisha lini. Nikaona gharama ya hamali haiwezi kunishinda. Bwana Kassim, mwenye punda, alinipa bei mbili: kazi nzima kwa shilingi elfu nane, au elfu moja kwa kila saa, yeye na wenzake na punda wake wote. Sikukurupuka. Nilitembea njia yenyewe polepole, kwa mwendo wa punda aliyebeba kabati. Nikakisia muda wa kufungua kitanda, wa kushusha friji, hata muda wa salamu, maana katika vichochoro vyetu hupiti bila kuulizwa habari za nyumbani. Nikapata saa nne. Nikaongeza moja ya dharura. Saa tano, elfu tano, na zile elfu tatu zilizobaki nitaweka vishikio bafuni ili mama asiteleze huku pia.

Nikamwambia Bwana Kassim tukubaliane kwa saa. Nilijiona hodari kweli.

Walianza saa mbili. Walifanya kazi, siwezi kuwasingizia. Kufika saa nne kila kitu kilikuwa kimeshashuka na punda wamepakiwa mzigo wa kwanza. Nilikuwa mbele ya hesabu yangu mwenyewe, nikaanza kutabasamu peke yangu pale mlangoni kama mjinga. Ndipo mama akashuka, amevaa buibui lake la kutokea, Msahafu kifuani, akasema anakwenda kutaka radhi.

Niliisahau. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na nikaisahau. Mtu wa kwetu akihama mtaa hupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi, asije akaondoka na haki ya mtu shingoni. Na mama amekaa mtaa ule tangu aolewe.

Nikamwambia Bwana Kassim watangulie na mizigo, mama atakuja. Mama akasikia. Kwake yeye, nyumba mpya huingia Msahafu kwanza na mwenyewe akiwa ameushika, halafu udi ufukizwe, ndipo kije kingine. Akasema, "Vyombo havinitangulii." Bwana Kassim akanitazama, akamtazama mama, akaketi barazani. Wenzake nao wakaketi. Punda wakabaki wamesimama na magodoro mgongoni, na saa inakwenda.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kahawa na machozi. Ya pili ilikuwa kahawa, machozi na kaimati. Ya tatu kulikuwa na mgonjwa, akasomewa. Kila mlango nilisimama nje nikitazama simu, na kila akina mama walipokumbushana harusi ya fulani, mimi nilikuwa nikigawanya shilingi elfu moja kwa dakika sitini. Naona aibu kuandika hivyo. Lakini ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa amebakiza nyumba moja. Ya Bi Esha.

Bi Esha anakaa mkabala na mama, kichochoro kimoja kati yao, madirisha yanatazamana. Zamani mama alikuwa akiosha sakafu ya juu darini na maji machafu yakamwagika mlangoni kwa Bi Esha, siku ya harusi ya bintiye, juu ya wageni waliokuja na zawadi. Mama alisema ni bahati mbaya. Bi Esha alisema ni wivu. Toka siku hiyo hawajasemezana. Wamezeeka hivyo, kila mmoja akimsikia mwenzake akikohoa.

Naye hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kipungani kwenye matanga, na boti ingerudi maji yakijaa.

Nilimwomba mama ampigie simu. Akasema radhi ya miaka yote ile haombi kwa simu. Nilimwambia tutarudi kesho kuiomba, nitamleta mwenyewe. Akaketi kwenye baraza ya Bi Esha, akaweka Msahafu mapajani, akafunga macho. Hapo nikapandisha sauti, mbele ya hamali, mbele ya mtaa mzima. Nikamwambia kila dakika anayoketi pale natozwa pesa, na pesa hizo zilikuwa za bafuni kwake. Hakukasirika. Alifungua macho akanijibu taratibu.

"Umenipangia siku ya kuhama, mwanangu. Ya kuaga umeiweka wapi?"

Nilikwenda kununua maji ya hamali.

Bi Esha alifika karibu saa nane, mkeka mpya wa ukindu kwapani. Aliona punda, akaona kitanda cha mama kimefunguliwa miguu, akasimama. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwambia. Mama akainuka kwa shida, magoti yakilia, akasema aliyoyasema. Alisema vizuri, bila kujitetea, hata lile la maji alilitaja. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya punda wa mbele, tayari. Nilitaka neno moja tu. Nimekusamehe, basi, twende.

Bi Esha akatikisa kichwa.

"Sikupi," akasema. "Nikikupa utakwenda zako."

Mama alianza kulia, halafu akacheka, halafu vyote viwili pamoja, na Bi Esha akamshika mkono akimgombeza kwamba anatembeaje jua kali na magoti yale. Mimi nikaona siku imekwisha. Nikaona mama anarudi juu, vitu vinarudi juu, na mimi nalipa hamali wapandishe tena kitanda kile kwenye ngazi zile. Nilikuwa karibu kulia kuliko wao.

Lakini Bi Esha akaingia kwake, akatoka na chetezo na kifuko cha udi. Akamwambia mama, "Twende sote. Nitakwambia ndiani."

Wakatangulia, wameshikana mikono, mama na Msahafu, Bi Esha na chetezo. Punda nyuma yao, na mimi nyuma ya punda. Walikwenda polepole kuliko nilivyojaribu mimi siku ile ya kupima. Kila penye kivuli walisimama. Nilisikia habari za bintiye Bi Esha, za mjukuu, za matanga ya Kipungani, za mapaa yanayovuja. Radhi sikuisikia.

Mizigo miwili iliyobaki ilimalizika saa kumi na moja unusu. Bwana Kassim akaondoa nusu saa ya sala na kula, akasema jumla ni saa tisa. Elfu tisa. Kazi nzima ingekuwa elfu nane. Nilimlipa, sikumnung'unikia, yeye hakunidanganya chochote. Aliyenidanganya anaweka hesabu za nyumba ya wageni.

Vishikio vya bafuni vitangoja mshahara. Mpaka hapo nitalala hapa, na kila mama akienda kuoga nitasimama mlangoni, apende asipende.

Bi Esha aliondoka kabla ya Magharibi. Mlangoni mama akamkumbusha lile jambo. Akamjibu, "Yeo hapana. Nitakuya kesho," akaenda zake, na mkeka ameuacha kwenye chumba cha mama. Nilipandwa na hasira upya. Siku nzima, elfu tisa, na radhi yenyewe haijatoka. Nikaingia chumbani kumwambia mama hivyo hivyo, nimechoka, sina adabu.

Nilimkuta amekwisha kutandika mkeka karibu na dirisha, anatafuta katika makatoni vikombe vya kahawa, vile vizuri.

Akaniambia bila kugeuka, "Kesho niamshe mapema. Nina mgeni."