Chai Yangu Niliyoinywa Guta

Jumapili, 2 Machi

Chai ya vanila baada ya kanisa. Dada yangu kanitumia kutoka Arusha. Majani mazuri, marefu, yamejikunja. Harufu inaahidi mengi, ukimeza hakuna kitu. Wifi Sabina, dada yake mume wangu Magesa, kanywa vikombe viwili na kuisifu. Yeye husifu kila chai. Ndiyo maana napenda akitoka Bunda kuja kunitembelea. Nimemwambia wiki ijayo nampelekea mteja wangu Mama Yohana mapazia niliyomshonea, huko Guta. Kasema nisijisumbue, njia ina matope, atayapeleka yeye. Ana moyo.

Jumatano, 5 Machi

Chai ya kijani yenye asumini. Mara ya kwanza ilikuwa kama kunywa mafuta ya nywele. Nikaacha maji yapoe kidogo, nikarudia. Afadhali sana. Inataka subira. Mapazia yamebaki pindo.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho anakuja mume wangu. Nimemchanganyia chai yake. Hii siuzi, simgawii mtu. Majani ya chai, mchaichai, iliki, na maganda ya chungwa ninayoyababua juu ya mkaa mpaka kingo ziwe nyeusi. Mwaka tuliooana niliyaunguza kwa bahati mbaya, Magesa akapenda, nikaendelea hivyo hivyo. Uchungu unakuja kwanza, nyuma ya ulimi, halafu utamu. Sijawahi kuikuta kwa mtu mwingine.

Anasema kule Kisorya, alfajiri akisubiri samaki wa kununua, ndiyo inayompa joto. Siku hizi anaimaliza upesi. Aliomba niongeze. Nimejaza kopo kubwa.

Jumapili, 9 Machi

Kaja, kaondoka. Alikuwa mpole. Naye kasema mapazia nimwachie Sabina. Wote wawili wanauonea huruma mgongo wangu unaouma. Sabina hakuja leo.

Jumatano, 12 Machi

Nilienda Guta mwenyewe. Matope yenyewe hayakuwepo.

Mama Yohana alifurahia mapazia. Akasema jirani yake kajifungua, twende tukamwone mzazi, ni uani tu hapo. Binti mzuri, mnyenyekevu. Kaniamkia kwa magoti. Kaniwekea kikombe.

Niliijua kabla haijafika mdomoni. Maganda yaliyobabuliwa. Nikanywa. Uchungu, halafu utamu.

Nikamuuliza chai hii anaitoa wapi.

"Baba yake mtoto ndo huwaga anatuletea, mama. Ananunuaga samaki Kisorya."

Nikajiambia labda kuna mwingine aliyeibuni. Mtu hujidanganya mpaka kikombeni. Nikauliza jina la mtoto.

"Nyangeta. La bibi yake, mama yake baba. Shangazi yake, Sabina, alikuja kumpa jina. Alikujaga na kuku na kanga mbili."

Nyangeta ni jina la mama mkwe wangu. Mimi nilizaa wavulana wawili. Marehemu aliniambia nisihuzunike, jina lake litangoja mabinti wa wanangu.

Nilimpakata mtoto. Ningefanya nini? Sikumwambia binti mimi ni nani. Kwa maneno yake, Magesa alimwambia alishaachana na mkewe. Nilikunywa chai yangu yote, nikashukuru, nikatoka. Kufika barabarani nikaketi juu ya jiwe. Mama Yohana alidhani ni jua.

Alhamisi, 13 Machi

Sikushona. Sikunywa chochote chenye harufu.

Ijumaa, 14 Machi

Magesa ni mwanaume, amenidanganya, inauma. Lakini Sabina! Aliketi kwenye mkeka wangu Jumapili kwa Jumapili. Aliuliza hali ya wanangu. Na mkono huo huo ulishika kitoto na kukipa jina la mama yake.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda kwake Bunda. Alipoona uso wangu akaketi chini.

"Wifi, nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unanilinda na nini? Na njia ya Guta?"

Akalia. Akasema Magesa alimwapisha. Akasema mtoto hana kosa. Hilo kweli, na nilimchukia kwa kulisema. Nilimuuliza kama alipokuwa akisifu chai zangu alikuwa akisema kweli. Swali la kijinga. Nimeondoka bila kuaga.

Jumapili, 16 Machi

Magesa kaja bila kutarajiwa. Sabina alishampigia. Alisimama mlangoni kama mgeni. Alisema ni bahati mbaya. Nikamwambia bahati mbaya haibebi kopo la chai mpaka Guta kila akitoka kwangu. Nikamwambia arudi Kisorya, na kabla ya kufika apite akamwambie yule binti ukweli. Naye kadanganywa. Alitaka kula kwanza. Sikupika.

Jumatano, 19 Machi

Wanangu wamejua. Mkubwa kakasirika, mdogo kaniuliza kama nimekula. Nina hasira mpaka meno yanauma. Chai ya stroberi: rangi nzuri, uongo mtupu. Nimeimwaga.

Jumamosi, 22 Machi

Butiama, kwa baba mkwe. Nilikwenda kumshtakia kama mkuu wa familia. Nilijipanga njiani. Nilikuwa na maneno makali: nyumba yao nzima imenila nikiwa hai.

Alikuwa sebuleni na redio, blanketi mabegani. Nikamweleza yote. Akazima redio.

"Nyangeta?" akauliza. "Wamempa mtoto jina la mke wangu?"

Hakuwa ameambiwa. Hakuna aliyemwambia. Niliona anajivutia blanketi, maneno yangu makali yakaniishia. Tulikuwa wawili tuliofichwa.

Jumapili, 23 Machi

Nimelala hapa. Mvua tangu alfajiri, ng'ombe wamechelewa kutoka. Baba kasema ataita kikao cha ukoo, Magesa na Sabina waje wasimame mbele yake. Kasema hapa ni kwangu hata wakija kuniambia vingine. Nilisikia.

Nilimchemshia maziwa, nikatia majani na tangawizi. Tulikunywa. Alipomaliza aliinamisha kikombe, akakitazama ndani.

"Binti yangu, wewe umemwona. Anafanana na nani?"

Ningeweza kusema sikumtazama sana. Angeamini.

"Masikio ni ya marehemu mama, baba," nikamwambia. "Na paji la uso."

Akaitikia kwa kichwa. Nikammiminia tena.